Tokeni za wafanyabiashara: chenji iliyotoka dukani

Mwenye duka akikosa chenji akakupa pipi, pipi hiyo huwezi kumrudishia kesho ununulie kiberiti. Tokeni ya mfanyabiashara uliweza, na hapo ndipo ilipogeuka kuwa fedha.

Tokeni ilikuwa kipande cha shaba chenye umbo la sarafu, ila kilitolewa na mtu au kampuni binafsi badala ya serikali. Katika makoloni ya Australia zilianza mwaka 1849, pale Annand, Smith & Co., wauza vyakula wa Melbourne, walipotoa za peni moja. Mwaka 1851 ikaja mbio ya dhahabu. Watu wakamiminika na chenji ikazidi kuadimika. Sarafu za shaba zilitegemewa kutoka Uingereza, mzigo mzito wenye thamani ndogo. Basi wenye maduka wakaagiza zao Birmingham, Uingereza, na baadaye kwa mafundi wa hukohuko Australia, kama Thomas Stokes wa Melbourne.

Kisheria hakuna aliyelazimika kuipokea. Kila tokeni ilikuwa deni dogo lililobebwa na jina lililochapwa juu yake: ikirudi kaunta, mwenye duka ataihesabu peni nzima. Yeye kuitengeneza kulimgharimu chini ya peni, na zile zilizopotea hakuna aliyekuja kuzidai. Kwa maneno mengine, wateja walimkopesha bila riba, tena huku wakimtangazia biashara mifukoni mwao. Thomas Holloway, muuza vidonge na marhamu wa London, alilielewa hilo kuliko wengi. Kwenye tokeni zake za 1857 aliweka sura yake mwenyewe, mahali watu walipozoea kumwona Malkia Victoria, pamoja na cheo cha “Professor” alichojipa.

Duka likifilisika, hasara ilibaki kwa aliyeshika tokeni. Nyingine zilikuwa nyepesi kuliko peni halali. Koloni la Victoria, lenye Melbourne, likazipiga marufuku mwaka 1863, na la New South Wales 1868. New Zealand iliendelea nazo; mwaka 1881 duka la muziki la Milner & Thompson, Christchurch, bado lilikuwa likitoa zake.

Tusizichanganye na pesa za shaba za Mombasa za mwaka 1888. Hizo nazo zilitolewa na kampuni, Imperial British East Africa Company, lakini kampuni hiyo ilikuwa na hati ya kifalme na ilitawala nchi. Annand na Smith walitawala kaunta tu.