Fizi nyeupe si lazima mbwa anakufa: mambo tunayoyakosea kuhusu dawa, neva na mishipa ya damu ya wanyama

Mbwa kachomwa sindano ya kumtuliza ili ashonwe jeraha, dakika chache baadae mwenye mbwa anamfunua mdomo anakuta fizi zimekua nyeupe kama chaki, basi hapo kelele, "dokta umeniulia mbwa!", na ukimwekea vidole pale ndani ya paja unasikia moyo unapiga taratibu mno, ndio kabisa watu wanaanza kutafuta wa kumlaumu. Nimeshasimama katikati ya hizo kelele zaidi ya mara moja, ndo maana naandika haya.

Dhana yenyewe ni kwamba fizi nyeupe maana yake presha imeshuka. Kwa dawa ya kutuliza iitwayo zailazini (wengi tunaijua kwa jina la Rompun) na ndugu zake kama deksmedetomidini, dakika za mwanzo huwa ni kinyume kabisa. Hizi dawa zinafanya kazi sehemu mbili. Kwenye ubongo zinapunguza amri zinazotumwa kwenye neva za simpathetiki, zile zinazomwamsha mnyama akishtuka, kwahiyo analala. Lakini kwenye kuta za mishipa yenyewe zinashika vipokezi vya alfa, yaani vile vijisehemu vinavyopokea ujumbe wa neva, na kuibana. Mishipa ikibana presha inapanda, vihisi vya presha shingoni vinaipata habari, vinaamuru moyo upunguze mwendo. Ule weupe ni mishipa midogo imejifunga, sio damu imeisha. Baadae ule mbano unalegea, kazi ya kwenye ubongo inabaki, na hapo ndipo presha inaweza kushuka kweli.

Utatofautishaje na mbwa anayevuja damu ndani? Shika mapigo. Wa sindano anapiga polepole lakini kwa nguvu, anayevuja anapiga mbio na unahisi kama uzi tu. Na ile klipu ya oksijeni inayobanwa kwenye ulimi ikianza kusoma namba za ajabu usikimbilie kutangaza msiba, damu inayopita pale ni kidogo inakosa cha kusoma.

Linalofuata hapo ni kosa ambalo hata sisi tuliosoma tunalifanya: moyo uko chini, choma atropini, dawa ya kuharakisha moyo! Subiri kwanza. Moyo umepunguza mwendo makusudi sababu mishipa imebana, ukiulazimisha ukimbie unakua unasukuma damu kwenye mlango uliofungwa, presha inapaa na mapigo yanaweza kuvurugika. Kama kweli unataka kumrudisha mbwa wa deksmedetomidini, dawa ya kuitengua ipo, atipamezoli.

Halafu kuna hili la darasani, kwamba kila mshipa wa damu una neva mbili, moja ya kubana nyingine ya kupanua, kama breki na mafuta kwenye gari. Hapana. Mishipa mingi ya mwili ina simpathetiki peke yake, na hiyo inabana kidogo muda wote, mchana na usiku. Mshipa unapanuka pale neva inapopunguza kushika. Mtafiti Claude Bernard kule Ufaransa aliliona hili mwaka 1851 kwa sungura: alikata neva ya simpathetiki upande mmoja wa shingo, sikio la upande ule likawa jekundu na la moto, la upande wa pili likabaki vilevile. Hakuweka dawa yoyote ya kupanua, alikata tu kile kilichokua kinabana. Zipo sehemu zenye neva za kupanua kweli, kwa mfano tezi za mate na uume, ila hizo ni chache.

Ukishalielewa hili la neva moja, asepromazini, dawa nyingine ya kutuliza, inaeleweka yenyewe. Watu wanaiona dawa ya upole, "inamtuliza tu," wanampa farasi au mbwa aliyegongwa na gari ili asihangaike. Jamani!! Hii dawa inaziba vipokezi vya alfa, maana yake neva inapiga kelele mshipa hausikii. Kwa mnyama mzima mwenye damu ya kutosha hamna shida kubwa, presha inashuka kidogo maisha yanaendelea. Kwa mnyama aliyepoteza damu au aliyeharisha mpaka macho yamezama, ule mbano wa mishipa ndio kitu kikubwa kinachomshikilia, wewe unaenda kuuondoa. Haina dawa ya kuitengua na inakaa masaa mengi. Na maumivu haiondoi hata kidogo, mnyama ametulia lakini anaumia vilevile.

Sasa hapo mtu anasema si kuna adrenalini, presha ikishuka nachoma. Hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Henry Dale, kijana wa maabara za Wellcome huko Uingereza, alikua anachunguza egoti, ule ukungu wa kwenye nafaka, kwa paka. Akaletewa unga wa tezi za adrenali, zile za juu ya figo zinazotoa adrenalini, aupime kama unapandisha presha, akamchoma paka ambaye alishapewa egoti, presha badala ya kupanda ikashuka. Akaukataa ule unga kwamba haufai! Likajirudia tena ndipo akashtuka kwamba tatizo sio unga, akaliandika mwaka 1906. Maelezo yalikuja vizuri mwaka 1948, Raymond Ahlquist wa Marekani alipogawa vipokezi kuwa alfa na beta. Alfa inabana, beta kwenye mishipa ya misuli inapanua, na adrenalini inashika zote mbili. Ukiwa umeshaziba alfa, imebaki beta tu, mishipa inafunguka zaidi. Kwahiyo mnyama aliyejaa asepromazini ukimchoma adrenalini unaweza ukammalizia. Drip kwanza, na kama ni lazima dawa ya kubana basi iwe ile inayoegemea alfa.

Kuhusu dozi nitasema kifupi. Ng'ombe sio farasi mwenye pembe. Zailazini ng'ombe anahitaji kama sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi, na mbuzi na kondoo ndo wepesi kabisa kuzidiwa. Ukikadiria kwa macho kwamba "huyu ni mkubwa" utajuta.

Ganzi ya mgongoni nayo watu wanadhani inagusa hisia tu. Lidokaini, dawa ya ganzi, mililita tano hivi kwenye uti wa mgongo pale shina la mkia wa ng'ombe anayezaa, sawa, anabaki amesimama. Ukijaza nyingi ikapanda kuelekea kiunoni na kifuani inazima na neva za simpathetiki zinazotokea hapo, miguu inakufa ganzi, anaanguka, na mishipa ya nusu ya nyuma inalegea yote kwa mkupuo presha inaporomoka. Na ile lidokaini iliyochanganywa na adrenalini usiizungushe kwenye chuchu, damu ikikatika pale nyama inaoza.

Mwisho egoti yenyewe, maana ukimwona ng'ombe ncha za masikio zimekauka, mkia unakatika, kwato zinabanduka, utaambiwa ni neva zimekufa. Neva zake ziko sawa. Sumu ya ule ukungu inaukamata msuli wa mshipa moja kwa moja, na hata ungekata neva kama alivyofanya Bernard, mshipa ungebaki umebana. Angalia anachokula, badilisha hiyo pumba leo hii.