Kumkabili fundi wa bao: namua ndiyo yenye mchezo

Bao la kujifunza, lile linaloanza na kete mbili mbili katika kila shimo, halimwandai mtu kukutana na fundi. Wazee wa mabaraza ya Ngamiani hapa Tanga wanacheza bao la Kiswahili lenyewe, na humo ndimo mgeni anapofungwa mkononi, kete zake bado zimejaa ghalani, akiba ya zile ambazo hazijaingia ubaoni. Nitakaa zaidi kwenye namua, awamu ya kwanza ya kuingiza kete za ghalani moja moja, maana naamini aliyeiharibu namua hana cha kuokoa kwenye mtaji, awamu ya pili ghala likiisha.

Kwanza mpangilio. Nyumba ina kete 6, mashimo mawili ya kulia kwake yana 2 kila moja, na ghalani zimebaki 22. Ukihesabu mashimo ya mbele kutoka kushoto kwako, nyumba ni la tano, na zile mbili mbili ziko la sita na la saba. Mwenzako amepanga hivyo hivyo kwa upande wake, kwa hiyo nyumba yake inatazamana na shimo lako la nne, na mbili mbili zake zinatazamana na la tatu na la pili. Mashimo yako hayo yote ni matupu. Hakuna jozi, yaani hakuna mashimo mawili yenye kete yanayotazamana, kwa hiyo anayeanza hana cha kula. Lazima atakate, yaani atembeze kete bila kula.

Hapa wengi wanacheza kwa mazoea. Chukua shimo la saba: unaongeza kete, zinakuwa tatu, unazitembeza kushoto. La sita linapata tatu, nyumba inapata saba, na ya mwisho inalala la nne (imeangukia shimo tupu, zamu yako imeisha), mbele ya nyumba ya mwenzako. Inaonekana ni tishio, lakini zamu ni yake. Ananamua nyumbani mwake, anakula kete yako moja, anaipeleka kichwani, shimo la ukingoni la mstari wa mbele, inalala. Tafuta sasa jozi ya kumlipizia: hakuna hata moja. Umetoa kete bure.

Sasa panga upya, fanya vilevile kwa shimo la sita. Kete tatu zinakwenda kushoto: nyumba inakuwa saba, la nne linapata moja, la tatu moja, inalala. Umemwachia jozi mbili, na kwa kuwa kula ni lazima, hana budi kuchagua. Akila lile la tatu, wewe unanamua la nne na kuibeba nyumba yake nzima, kete 6. Fundi hatafanya hivyo. Atakula la nne kwa nyumba. Basi unanamua la tatu na kula mbili zake zilizo mbele yake. Zitie kutoka kichwa cha kulia: moja inabaki kichwani, ya pili inaingia la saba lenye mbili. Unazizoa zote tatu, unaendelea kushoto: moja la sita, moja nyumbani, ambako sasa ni 8, na ya mwisho inalala la nne. Amekula moja, umekula mbili, na nyumba yako imenona. Zirudie hatua hizi mezani kwa kete halisi mpaka vidole vizoee, maana barazani hakuna atakayekusubiri uhesabu.

Nyumba ilinde kwa kuangalia shimo linalotazamana nayo kabla ya kila zamu. Kete ya mwenzako ikishatua pale na zamu ikawa yake, nyumba imekwenda. Ukiwa unakula na kete ya mwisho ikaingia nyumbani bila jozi, una hiari ya kulala au kusafiri, yaani kuzoa kete za nyumba na kuendelea kuzitembeza. Wachezaji wapya husafiri mapema kwa uchu wa kuona kete nyingi zikizunguka. Ukisafiri, nyumba hiyo haipo tena, na zile kete zimetawanyika mstari wa mbele, mahali pekee zinapoweza kuliwa. Mimi hushauri kusafiri kwa sababu mbili tu: safari inafika kwenye kula ulikokuhesabu mpaka mwisho, au nyumba italiwa zamu ijayo na huna njia ya kuizuia.

Kichwa na kimbi, shimo la mbele lililo jirani ya kichwa, ndiyo silaha ya fundi. Akila katika shimo lolote la katikati huku akiendelea na mzunguko, mwelekeo wake haubadiliki. Akila kichwani au kwenye kimbi, kete zinaanzia kichwa cha upande huohuo, na anaweza kugeuka. Mizunguko mirefu inayomaliza watu huzaliwa pale. Ukiona kete zake zinaelekea ukingoni, acha kichwa chako na kimbi chako cha upande ule vikiwa vitupu. Pasipo na kete hapaliwi, na safari yake inakatika.

Anza kupanga mtaji zikiwa zimebaki kete nne au tano ghalani. Aliyeanza mchezo ndiye atakayeanza mtaji, na mwenzake ndiye anayenamua kete ya mwisho. Kama wewe ni wa pili, kete hiyo ya mwisho kazi yake ni kumnyima mwenzako jozi ya kuanzia. Kama ulianza, hesabu mapema ni shimo gani litafika. Shimo la kete 5 linafika la tano mbele yake. La kete moja halichezwi. Lenye 16 au zaidi haliwezi kuanzisha kula. Kete za mstari wa nyuma haziliwi, lakini zinaweza kuanzisha kula, kwa hiyo ghala lako jipya liwe huko.

Mkibaki mnatakata wote wawili, angalia kutakasia. Umetakata, yeye hana cha kula, na wewe zamu ijayo una shimo moja tu la kumla: shimo hilo haruhusiwi kulicheza kukimbia. Kinga yake ni tatu: likiwa nyumba, likiwa peke yake lenye kete mbele, au likiwa peke yake mbele lenye zaidi ya kete moja.