Theodisia ni nini, na kwa nini haifai kuhubiriwa makaburini

Theodisia ni jitihada ya kueleza inawezekanaje Mungu aliye mwema na mwenye uwezo wote awepo, na papo hapo dunia iwe na saratani ya watoto, njaa na mauaji ya kimbari. Mgonjwa kitandani naye huuliza "kwa nini mimi?", lakini hicho ni kilio. Theodisia ni hoja. Anayeijenga anataka kuonyesha kwamba imani yake haijipingi, na kwamba Mungu anayo sababu ya haki ya kuyaruhusu yanayotokea. Jina alilibuni Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Kijerumani, akaliweka kwenye jalada la kitabu chake cha mwaka 1710. Swali lenyewe ni la kale zaidi.

Tatizo zima limo katika sentensi tatu fupi. Mungu anaweza yote. Mungu ni mwema kabisa. Uovu upo. Waumini wengi wanazikubali zote bila kusita, ila ukiziweka pamoja zinaanza kusukumana: mwenye uwezo angeuzuia uovu, na mwenye wema angetaka kuuzuia, sasa mbona upo? Hoja hii huhusishwa na Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ingawa tuliyo nayo imetufikia kupitia Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya 4 aliyeitaja ili aijibu. Njia nyepesi ya kutoka ni kuitupa sentensi moja. Wapo waliopunguza uwezo wa Mungu. Wafuasi wa Mani, mwanzilishi wa dini huko Uajemi katika karne ya 3, walisema kuna nguvu mbili za milele, nuru na giza, zinazopigana, na Augustino wa Hippo, aliyekuja kuwa askofu mashuhuri wa Kikristo, alikaa kwao karibu miaka tisa kabla ya kuwaacha. Theodisia ya Kikristo inajifunga kuzibeba sentensi zote tatu, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Augustino alijibu kwa hatua mbili. Kwanza, uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa wema uliotakiwa kuwepo, kama upofu ulivyo kukosekana kwa kuona. Kwa hiyo huwezi kumwuliza Mungu kwa nini aliumba uovu. Pili, upungufu huo uliingia kwa njia ya hiari: malaika na wanadamu walipewa uwezo wa kuchagua, wakampa Mungu kisogo. Hayakuwa mawazo ya mtu aliyekaa pasipo misukosuko. Alifariki mwaka 430 huko Hippo, katika Algeria ya leo, Wavandali, kabila la wavamizi, wakiwa wameuzingira mji.

Hoja ya hiari ndiyo inayosikika zaidi hadi leo, na imepigwa msasa sana katika karne ya 20. Mwaka 1955 J. L. Mackie, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, aliandika kwamba sentensi zile tatu zinagongana kimantiki. Akauliza: kama Mungu anaweza yote, kwa nini hakuumba watu walio huru ambao siku zote wangechagua mema kwa hiari yao? Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, alimjibu katika kitabu cha 1974. Uwezo wote, alisema, hauna maana ya kufanya yanayojipinga. Mungu akinifanya nichague mema, basi si mimi niliyechagua. Inawezekana, kwa hiyo, kwamba hakuna ulimwengu wenye viumbe huru kweli ambao Mungu angeuumba bila uovu wowote ndani yake. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba jibu hilo liliuvunja ule mgongano wa kimantiki.

Ila Plantinga mwenyewe hakuiita kazi yake theodisia. Aliiita utetezi, na tofauti hiyo inapotea mno katika mabishano yetu. Anayetetea anasema: inawezekana ipo sababu, kwa hiyo huwezi kunishutumu kwamba najipinga. Anayetoa theodisia anakwenda mbali zaidi: sababu ndiyo hii, na ninaijua. La kwanza ni dai dogo linaloweza kusimama. La pili ni kubwa, na mara nyingi linatolewa na watu ambao hawajapima uzito wake.

Hiari inaeleza wizi, vita na ubakaji. Haielezi tetemeko la ardhi, kwa sababu ardhi haichagui. Ndiyo maana wanafalsafa hutenganisha uovu wa kimaadili, unaotoka kwa watu, na uovu wa asili, unaotoka kwenye magonjwa, mafuriko na mitetemeko. Mfano wa aina ya pili ulioitikisa Ulaya ni Lisbon, tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamejaa makanisani. Tetemeko likabomoa mji, mawimbi ya bahari yakafuata, kisha moto. Makumi ya maelfu walikufa. Leibniz, aliyekuwa amefariki tangu 1716, alikuwa amefundisha kwamba huu ni ulimwengu bora kuliko wote ambao ungewezekana. Voltaire, mwandishi wa Kifaransa, akaishambulia kauli hiyo, kwanza kwa shairi kuhusu maafa hayo, halafu kwa kisa cha Candide cha mwaka 1759. Kwa haki, Leibniz hakusema kila tukio ni jema. Alisema jumla yake ndiyo bora. Lakini jumla haimfariji aliye chini ya kifusi.

Jibu jingine linaanzia kwa Ireneo wa Lyon, askofu wa karne ya 2. Kwake mwanadamu aliumbwa mchanga, bado hajakomaa, akue polepole kuelekea kwa Mungu. John Hick, mwanafalsafa wa dini wa Kiingereza, aliikuza fikra hiyo mwaka 1966: dunia ni mahali pa kuzitengeneza roho, na ujasiri, subira na huruma haviwezi kuota pasipo na hatari wala hasara. Waumini wa kwetu wanaijua bila kumsoma Hick. Wanaiita jaribu, wanasema Mungu anakupitisha mahali. Mimi naiona ina ukweli ndani yake, hasa inaposemwa na mwenyewe aliyepita. Inaishiwa pumzi kwa mtoto aliyefariki akiwa na siku mbili. Yeye alikomazwa nini? Hick aliliona pengo hilo, ndiyo sababu alilazimika kusema ukuaji unaendelea baada ya kifo.

Sasa tuje nyumbani. Kwenye misiba ya Tanzania kuna sentensi isiyokosekana: kazi ya Mungu haina makosa. Ikisemwa kama ibada, kama kuinamisha kichwa mbele ya lisiloeleweka, sina neno nayo. Shida huanza inapogeuzwa kuwa maelezo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma. Meli ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Ukisimama pale ukasema huo ulikuwa mpango wa Mungu na basi, umechukua uzembe wa watu ukautia saini ya Mungu. Theodisia ya namna hiyo humpa mkosaji mahali pa kujificha.

Ipo inayokosea upande wa pili, kwa kumtwika lawama anayeteseka. Hiyo ndiyo ya rafiki za Ayubu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Walianza vizuri, wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua midomo wakaanza hesabu yao: Mungu ni mwenye haki, wewe unateseka, basi lipo ulilotenda. Leo hesabu hiyo ina majina mapya. Ni laana ya ukoo. Imani yako haijafika. Hukutoa sadaka ya kufungua mlango. Mgonjwa anaondoka kwenye maombezi na mizigo miwili, ugonjwa na hatia.

Ajabu ni kwamba Biblia yenyewe inaikataa hesabu hiyo waziwazi. Katika sura ya 42 ya kitabu cha Ayubu Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Na huyo Ayubu ndiye aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake na kutaka kumshtaki Mungu! Waliomtetea Mungu ndio wanaoambiwa wakatoe dhabihu, na Ayubu awaombee. Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kwa mtu aliyezaliwa kipofu, Yohana 9, anawakatalia wanafunzi wanaotaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na Waebrania 11, sura inayopendwa sana na wahubiri wa imani, inamalizikia kwa watu wenye imani waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno.

Kwa hiyo naona kipimo kimo humo humo ndani ya Maandiko: maelezo yanayomfanya mteswa kuwa mkosaji, au yanayomsafisha mkosaji, yameshindwa, hata yakipambwa kwa mistari mingi.

Karne iliyopita wanateolojia kadhaa waliligeuza swali. Jürgen Moltmann alikuwa kijana mdogo Hamburg ilipopigwa mabomu Julai 1943, na rafiki aliyesimama kando yake akauawa. Katika kitabu chake cha 1972 alieleza kwamba msalabani Mungu hatazami mateso kwa mbali, anaingia ndani yake, hadi kwenye kilio cha "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyefungwa na Wanazi, alikuwa ameshaandika gerezani, Julai 1944, kwamba ni Mungu anayeteseka tu ndiye anayeweza kusaidia. Si wote wanaokubali. Mapokeo ya zamani yanafundisha kwamba Kristo aliteseka katika ubinadamu wake, na kwamba Mungu anayezidiwa na mateso kama sisi hawezi kutuokoa nayo.

Wengine wamefika mahali pa kuikataa theodisia yenyewe. Wanyarwanda wana msemo kwamba Mungu hushinda mchana kutwa kwingine lakini hurudi kulala Rwanda. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisani, Ntarama na Nyamata miongoni mwa mengine, wakauawa humo humo. Hiari inatueleza habari za wauaji. Haituelezi kitu kuhusu sala zilizokuwa zikisaliwa ndani wakati milango inavunjwa. Kutafuta sababu ya kutosha ya jambo kama hilo, wanasema wakosoaji hawa, ni kulihalalisha. Kinachobaki ni maombolezo, kama Zaburi ya 88 inayoishia gizani bila neno la shukrani. Nakubaliana nao kwa makaburini. Kwa darasani, sikubali. Mwanafunzi anayeuliza kwa dhati kama imani yake inajipinga anastahili kujibiwa kwa hoja.

Makanisa yenyewe yamekuwa na tahadhari kuliko wahubiri wao. Mitaguso ya kale, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ilifafanua Utatu na nafsi ya Kristo kwa maneno yaliyopimwa, lakini haikuifanya theodisia yoyote kuwa fundisho la lazima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakiri kwamba hakuna jibu la haraka linalotosha. Mkristo anayesema "sijui kwa nini" hajatoka nje ya imani yake.

Huko darasani mjadala haujafungwa, na sasa sehemu kubwa imehamia kwa wanyama. Mwaka 1979 mwanafalsafa William Rowe alitoa mfano wa mtoto wa paa anayeunguzwa na moto msituni, akagaagaa siku kadhaa kabla ya kufa, bila mtu yeyote kumwona. Hana dhambi ya kuadhibiwa, hana hiari ya kutumia vibaya, na hakuna tabia inayokomazwa. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa mawemawe, vinaonyesha magonjwa na kuwindana mamilioni ya miaka kabla ya mwanadamu, hivyo hata anguko la Adamu halitumiki kirahisi kama maelezo. Wanaolishughulikia suala hili hurejea sana Warumi 8:22, ambapo Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja hata sasa, na wanabishana kama mstari huo unaahidi kitu chochote kwa paa yule.