Ganzi ya bunju na umeme wa neva: maswali na majibu

Mtu amekula samaki, nusu saa haijapita midomo na ulimi vinakufa ganzi. Kuna nini?

Kama ni bunju, yule anayevimba tumbo akitolewa majini, mkimbize hospitali sasa hivi. Wavuvi wa Tanga wanamjua na humtupa. Hatari ni pale anapofika jikoni ameshachunwa na kukatwa kichwa, hana sura tena. Ini, mayai, utumbo na ngozi yake vina sumu iitwayo tetrodotoksini, nayo kazi yake ni moja: kuzima umeme wa neva.

Neva ina umeme? Unatoka wapi?

Kwenye chumvi. Seli ya neva, yaani nyuroni, imezungukwa na utando mwembamba. Nje ya utando sodiamu ni nyingi, kama mara 10 ya iliyoko ndani. Potasiamu ni kinyume chake, imejaa ndani. Tofauti hiyo inagharimiwa: pampu zilizomo kwenye utando hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana, kwa nguvu inayotokana na chakula. Potasiamu nayo huvuja kidogo kidogo kwenda nje na kuacha ndani pana chaji hasi, takriban milivolti -70.

Sasa neva iguswe. Milango michache ya sodiamu iliyomo kwenye utando inafunguka na chaji inaanza kupanda. Ikifika karibu na -55, milango mingi inafunguka kwa mkupuo, sodiamu inamiminika ndani, na chaji inaruka hadi +30 hivi. Haichukui hata milisekunde 2: milango ya sodiamu inajifunga, ya potasiamu inafunguka, chaji inashuka. Lakini sodiamu iliyoingia imeshaamsha kipande cha mbele, nacho kinaamsha kinachofuata. Kipande kilichotoka kuamka hakiamki tena papo hapo, ndiyo maana ishara hairudi nyuma.

Chaji isipofika kwenye kiwango kile, hakuna ishara. Ikifika, ishara huja nzima. Kwa hiyo maumivu makali hayaleti mpigo mkubwa zaidi, yanaleta mipigo mingi zaidi kwa sekunde.

Waliolieleza hili kwa hesabu ni Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley, mwaka 1952, kwa kupima neva ya ngisi, ambayo unene wake unaweza kufika milimita 1. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Basi ni kama umeme wa TANESCO?

Hapana, na ni wa polepole mno ukilinganisha. Neva nyembamba zisizo na ala ya mafuta (mayelini) hupitisha ishara kwa mwendo wa kama mita 1 kwa sekunde. Zile nene zenye ala hufika hadi mita 120, kwa sababu ishara huruka kutoka pengo moja la ala hadi jingine. Jikwae kidole utaona: kwanza uchungu mkali wa ghafla, kisha, baada ya kitambo kidogo, ule wa kuunguza. Hizo ni neva za aina mbili, moja imetangulia kufika.

Sumu inaingilia wapi?

Inaziba mlango wa sodiamu kwa upande wa nje. Pampu zinaendelea, chaji ipo, ila mpigo hauanzi. Lignokeini, dawa ya ganzi ya daktari wa meno, huziba milango hiyohiyo kutokea ndani, lakini hukaa pale ilipochomwa. Sumu ya bunju huzunguka na damu: ganzi, kutapika, miguu kulegea, sauti kupotea, hatimaye neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hunyamaza. Milango ya sodiamu ya moyo haizibiki kirahisi hivyo, kwa hiyo moyo huendelea kupiga. Mgonjwa anaweza kulala kama maiti huku anasikia kila neno, basi chungeni mnayosema. (Bunju mwenyewe hadhuriki, milango yake ina umbo tofauti kidogo.)

Nikimchemsha sana, au nikimtia ndimu?

Bure. Moto wa jikoni hauivunji sumu hii, na takriban miligramu 2 tu zinaweza kumuua mtu mzima.

Nifanye nini?

Usimpe maziwa, dafu wala maji. Koo likilegea vitaingia mapafuni. Usimlazimishe kutapika. Mlaze ubavu, tafuta gari. Bodaboda haifai, kwa kuwa akiacha kupumua njiani hutaweza kumsaidia. Pumzi ikikatika, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi 1 kila sekunde 5 hadi 6, na usiache mpaka mfike.

Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe hakuna. Hospitali kama Bombo ya Tanga humpumulisha kwa mashine wakati figo zinaitoa kwenye mkojo, na wengi wanaovuka saa 24 za mwanzo hupona. Nendeni na mabaki ya samaki. Waliokula sufuria moja naye waende pia hata kama hawajahisi kitu, maana dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.