Rangi mpya haiuzi nyumba ya Mji Mkongwe

Wengi wanaotaka kuuza nyumba Mji Mkongwe huanza na ndoo ya rangi ya plastiki. Ukuta ukimeremeta, wanaamini, mnunuzi hatauliza mengi. Mara nyingi ndiyo kwanza anaanza kuuliza.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hufyonza maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukiziba kwa saruji au rangi ya plastiki, unyevu hunaswa ndani, hupanda juu na kusukuma chumvi nje. Masika moja tu, rangi imefura na kubanduka. Anayezijua nyumba za mawe akiona rangi mbichi imepakwa chini ya ukuta peke yake, hushuku papo hapo. Tena harufu ya unyevu haifichiki kwa udi.

Pesa ianze juu: paa linalovuja, mifereji iliyoziba, na ncha za boriti zilizoingia ukutani, maana hapo ndipo zinapooza. Kisha bandua saruji, acha ukuta ukauke (si kazi ya siku mbili), upige lipu ya chokaa na kuupaka chokaa nyeupe. Makochi makubwa yatoe, yasibane nafasi. Vyumba vyembamba hivi vilifuata urefu wa boriti za mikoko, si matakwa ya fundi.

Ama kuvunja ukuta ili kupanua sebule, hilo linataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000.