Mpiga besi sio mpiga solo aliyefeli: maneno ya vijiweni Kigoma na ukweli wenyewe

Kuna makala ya video ya Geddy Lee, yule mpiga besi wa bendi ya Rush ya Kanada, ilitoka mwaka 2023, siku hizi inazunguka hapa mwisho wa reli kwenye flashi na simu za wanamuziki. Mule ndani anawatembelea wapiga besi wenzake wanne wa rock, Les Claypool wa Primus, Robert Trujillo wa Metallica, Krist Novoselic aliyekuwa Nirvana na Melissa Auf der Maur aliyepitia Hole na Smashing Pumpkins, anataka kujua hawa watu wakishuka jukwaani wanaishije. Tuliiangalia kwenye studio moja pale Mwanga, watu wa bendi, watu wa kwaya, na wale wengine ambao popote penye TV hawakosekani, na maneno yaliyotoka pale bana nimeona siwezi kuyaacha yapite hivi hivi, maana ndo yale yale tunayoyasikia kila siku kuhusu besi, na mengi ni uongo mtupu.

La kwanza na kubwa kuliko yote: eti besi (gitaa la nyuzi nne nene, la sauti za chini) anapewa aliyeshindwa solo (gitaa linalopiga melodi mbele).

Hili lina kaukweli kadogo ndani yake ndo maana halifi. Wengi kweli walianzia gitaa la kawaida. Paul McCartney wa Beatles alikuwa anapiga gitaa na kinanda, mwaka 1961 mpiga besi wao Stuart Sutcliffe akajitoa abaki Ujerumani, hakuna aliyetaka hiyo kazi, ikamwangukia Paul. Lemmy naye, aliyekuja kuanzisha Motörhead, alienda Hawkwind akitegemea kupiga gitaa, mpiga besi hakutokea siku ya shoo ila chombo chake alikiacha, basi Lemmy akakishika hicho hicho. Na Carol Kaye wa Los Angeles, huyu mama alikuwa tayari analipwa kama mpiga gitaa la jazz, mwaka 1963 mpiga besi akakosekana studio, akaambiwa hebu shika wewe. Sasa niambie hapo nani alifeli? Hawa walikuwa wanapiga gitaa vizuri tu na walipohamia besi wakagundua kuna kazi huku ambayo solo haiwezi kuifanya. Carol Kaye inakadiriwa amerekodi nyimbo kama 10,000 hivi, yumo kwenye albamu ya Beach Boys ya 1966 ambayo McCartney mwenyewe anasema ilimbadilisha. Na wale wanaosema besi ni chombo cha wanaume, jibu lao ndo hilo, na kama halitoshi mtafuteni Kim Deal wa Pixies na Tina Weymouth wa Talking Heads, halafu turudi tuongee.

Kosa ni letu sisi na mfumo wetu. Kwenye bendi zetu kijana akija mpya anapewa besi "kwa kuanzia", akijua kidogo anapandishwa ridhim (gitaa la kushikilia mdundo), akijua zaidi solo, kama vile ngazi ya vyeo serikalini. Matokeo yake besi kila siku ipo mikononi mwa mwanafunzi, halafu tunashangaa bendi haina uzito!

La pili, nyuzi nne ni rahisi kuliko sita. Aliyesema hili nilimpa besi palepale akajaribu, vidole vikamfia. Besi ya kawaida uzi wake una urefu wa kama sentimita 86 kutoka daraja mpaka juu shingoni, gitaa la umeme la kawaida ni kama 65. Kile chumba cha kwanza cha shingo, yaani nafasi ya kwanza ya kubania uzi, kwenye besi ni karibu sentimita 5, kwenye gitaa haifiki hata 4, na uzi mnene, kwa hiyo kidole cha mwisho kinafanya kazi ambayo hakijawahi kufanya tangu kuzaliwa.

Lakini hiyo ni nguvu tu, utaizoea. Kazi yenyewe ya besi ipo kwenye kunyamaza. Mwangalie mpiga besi anayejua, usiangalie kidole kinachopiga, angalia vile visivyopiga: mkono wa kushoto kidole kimoja kinabana noti, vingine vimelala juu ya nyuzi vimezizima, mkono wa kulia dole gumba limekaa juu ya uzi mnene ili usilie wenyewe. Akitaka noti ifie kabla ya drum la pili anaulegeza uzi kidogo tu bila kuuachia na noti inakatika pale pale anapotaka. Anayejifunza anapiga noti sahihi kabisa halafu anaiacha inalia, inaingia kwenye kodi (noti zinazolia pamoja) inayofuata ambako haihusiki, watu wanasema leo mitambo mibaya. Mitambo haina shida ndugu yangu, ni noti ya zamani imekataa kuondoka.

James Jamerson wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, ni wa soul lakini hakuna mpiga besi wa rock wa miaka ile asiyedaiwa naye, na alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Kimoja! Alitokea kwenye besi kubwa la kusimama na tabia hiyo akaja nayo. Kwa hiyo na ule ubishi wa piki (kile kiplastiki cha kukwarulia nyuzi) au vidole naomba tuufunge, McCartney, Lemmy na Carol Kaye piki, Jamerson, Steve Harris wa Iron Maiden na Cliff Burton wa Metallica vidole, mwenye ubishi zaidi akalale.

Sasa hili la tatu ndo nililotaka hasa kulifikia: "Mbona mi besi siisikii, ina umuhimu gani?"

Husikii kwa sababu unasikilizia simu. Uzi mnene wa besi ukiupiga wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, gitaa la kawaida uzi wake mnene ni 82, yaani besi iko oktavu nzima chini. Spika ya simu ni kadude kadogo kama ukucha, kusukuma hewa kwa mtikisiko wa chini hivyo haiwezi kabisa. Unachosikia kwenye simu ni zile sauti za juu juu za ule uzi, maana uzi ukilia haulii sauti moja, unalia na ndugu zake wa juu, 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wako ukizisikia hizo ndugu unajaza wenyewe ile ya chini ambayo haipo. Kwa hiyo hata pale unaposema unaisikia besi kwenye simu, nusu ya kazi kaifanya kichwa chako.

Na usikimbilie sabufa ukadhani umepona. Sabufa nyingi za sebuleni na zile za kwenye maharusi zinapenda sauti moja, noti yoyote ikiingia chini inatoka buuum ile ile, drum la mguu buuum, besi buuum, mtu anafurahi kifua kinatetemeka ila mstari wa besi alioutunga mtu kwa akili zake hauujui. Chukua hedfoni hata za bei ya kawaida, zisikupeleke mbali, sikiliza wimbo unaoujua miaka yote, utakutana na mtu alikuwa anaongea humo ndani muda wote na hujawahi kumsalimia.

Wanaotaka ushahidi wa bendi ikikosa besi inakuwaje wasikilize albamu ya Metallica ya 1988. Cliff Burton alikuwa amefariki kwa ajali ya basi Sweden, Septemba 1986, akaingia Jason Newsted, na kwenye kuchanganya sauti za ile albamu besi yake ikashushwa mpaka karibu hamna kitu. Iliuza mamilioni, sikatai, lakini sikiliza ilivyo kavu, gitaa kama bati linakwanguliwa, mpaka leo mashabiki wanaingia intaneti wanaitengeneza upya na besi ndani, wao wenyewe, bila kulipwa.

Kuna aliyedakia pale, mpiga besi kazi yake ni kufuata walichotunga wenzake. Hapa nilichukia kidogo, maana huyu huyu dakika tano kabla alikuwa anajisifu kwamba Freddie Mercury ni mtoto wa nyumbani, kazaliwa Unguja mjini 1946. Sawa, kazaliwa. Sasa ule wimbo wa Queen wa 1980 wenye besi inayotembea peke yake mwanzoni, ule hata mama zetu wanautingishia kichwa, uliofika namba moja Marekani, nani alitunga? John Deacon. Mpiga besi. Mtu mpole, hakuwa muimbaji, alistaafu akajikalia zake kimya, mtaani humu hakuna anayemjua jina ila besi yake wanaiimba kwa mdomo.

Na sio yeye tu. Iron Maiden ilianzishwa na mpiga besi, Steve Harris, 1975, na nyimbo nyingi ni zake. Mashairi mengi ya Black Sabbath aliandika Geezer Butler, besi. Roger Waters pale Pink Floyd, besi. Geddy Lee mwenyewe kwenye Rush walikuwa watatu tu, kwa hiyo anapiga besi, anaimba, mikono ikihamia kwenye kinanda basi miguu inakanyaga pedali za besi chini, yote jukwaani mubashara. Mfuasi gani huyo?

Slepu, yaani kule kugonga uzi na dole gumba, vijana wanadhani ni ya Flea wa Red Hot Chili Peppers. Flea kaipeleka kwenye rock na kaipeleka vizuri, ila mwenyewe ni Larry Graham, na asili yake naipenda kuliko hadithi zote za besi. Kijana alikuwa anapiga na mama yake, mama kwenye piano, huko San Francisco. Yeye alishika gitaa na miguu anapiga besi kwa pedali za ogani, ogani ikaharibika, akakodi gitaa la besi kwa muda tu. Halafu mpiga drum akaondoka. Wamebaki wawili, mdundo hamna, basi akaanza kugonga uzi mnene kwa dole gumba badala ya drum la mguu na kuuvuta mwembamba kwa kidole badala ya snea, lile drum la mlio mkali. Shida tu hiyo, baadaye akaenda nayo kwenye bendi ya Sly and the Family Stone na dunia nzima ikamuiga.

Watu wa kwaya nao wana lao, eti siku hizi mkono wa kushoto wa kinanda unatosha, besi ya nini, hela tununue sare. Mwalimu wa kwaya mmoja hapa Mwanga, namheshimu sana, ndo msimamo wake. Mwalimu shikamoo, lakini hebu jaribu kitu kimoja siku ya mazoezi. Kinanda kishike Do Mi So, kisiondoke. Besi apige Do, furaha. Halafu besi peke yake ahamie La ya chini, kinanda bado kipo Do Mi So, hakijagusa kitu, na wimbo umeingia huzuni wote. Mtu mmoja mwenye noti moja kabadilisha maana ya watu wote wa juu. Huo uamuzi ukimpa mkono wa kushoto wa mtu ambaye mkono wa kulia unahangaika na melodi na macho yanakuangalia wewe mwalimu, utapata Do, Fa, So, basi, mwaka mzima. Wapo wapiga kinanda wanaoweza, najua, ila ni wachache na wengi wao wamefuatwa na studio za Dar.

Kuhusu "rock haituhusu sisi watu wa ziwa, sisi besi yetu ni ya Kongo", sibishani kwa nguvu. Besi ya ng'ambo ya ziwa ni shule nyingine, ina mashimo yake ya kunyamaza matamu ambayo wazungu wengi hawana. Ila chombo ni kile kile, ile besi ya Fender iliyotoka Marekani mwaka 1951 ndo iliyofanya watu waache kubeba lile dude la kusimama (ingawa sio ya kwanza, Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza besi ya umeme miaka ya 1930, haikushika soko). Nyimbo za Tabora Jazz ya kina Shem Karenga ukizisikiliza kwa hedfoni utakuta solo, ridhim na besi kila mmoja yupo kwenye njia yake, na anayejua kumfuata mpiga besi mule hatapotea kwenye rock.

La mwisho ni la vifaa. Vijana wanasema bila besi ya mamilioni na amplifaya kubwa usijisumbue. Huyo huyo Deacon wa Queen, alisomea elektroniki, siku moja akaokota bodi ya saketi kwenye takataka London, akaifunga ndani ya boksi la spika ndogo ikawa amplifaya, inatumia betri ya volti 9, haina hata kitufe cha sauti, na Brian May, mpiga gitaa wao, kairekodia gitaa zake kwenye nyimbo za Queen. Mafundi wetu wa redio pale sokoni wana bodi za namna hiyo wanakanyaga.

Shida yetu ya kweli ni nyuzi. Seti ya besi ukiipata hapa bei yake inaumiza, mara nyingi unamwagiza mtu Dar. John Entwistle wa The Who alivyosimulia mwenyewe, mwaka 1965 wakati wa kurekodi ile solo yake maarufu ya besi alianza na besi yenye nyuzi nyembamba ambazo Uingereza hazikuuzwa peke yake, uzi ukikatika ananunua gitaa jingine zima. Sisi hatuna jeuri hiyo, nyuzi za zamani tunazichemsha. Na kuchemsha kunafanya kazi, jasho na uchafu uliojaa kwenye mizunguko ya uzi unatoka, sauti inang'aa tena siku kadhaa, ingawa Jamerson yeye alikuwa anaziacha tu miaka na ile sauti ya kufifia ndo ilikuwa yake. Ukichemsha usitie chumvi wala sabuni, zifute, zianike mpaka zikauke kabisa ndo urudishe, na zungusha taratibu ukianza na ule mnene, maana uzi uliokwishachemshwa mara mbili tatu unakatikia pale pale kwenye kigingi.