Kukaa kimya si kufukuza mawazo

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, sisi wa kitengo cha afya ya akili hapa Tanga husikia lalamiko lile lile: "Dokta, nimekaa kimya nikifuata pumzi kama mlivyosema, mawazo ndiyo yakazidi."

Ndugu zangu, hakuna aliyewaambia muyafukuze. Tumelisema hili kila mwaka. Mawazo hayakuzidi, umekaa, ndiyo umeyasikia. Ukigundua kumbe umeshafika kwenye deni la kikoba, ukairudisha akili kwenye pumzi, kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Ukirudi mara 30 ndani ya dakika tano, umefanya zoezi mara 30.

Kaa barazani baada ya Alfajiri, kabla hujashika simu, au ufukweni Raskazoni jioni upepo ukianza. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulioivutia. Kuitoa hivyo hupunguza mapigo ya moyo. Bodaboda zikipiga kelele Barabara ya 12, zisikie zipite. Aliyewahi kupatwa na jambo la kutisha asifumbe macho, kwani kumbukumbu zinaweza kumvamia. Huyo na atembee taratibu, akihesabu hatua.

Mirungi haitulizi akili. Huichangamsha, kisha huondoa usingizi, na ukikosa usingizi mawazo hukimbia zaidi. Tena Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimgusi muuzaji peke yake: anayesafirisha, anayetumia na anayekutwa nayo mfukoni wote wanaingia, na kwa msafirishaji uzito wa mzigo hutazamwa. Usiseme "nilikuwa namshikia mwenzangu". Vidonge vya usingizi navyo ni kwa cheti cha daktari, na cheti ni cha aliyeandikiwa, si cha shemeji yake.

Kukaa kimya hakutoshi kwa kila mtu. Ikiwa kwa wiki mbili huna raha na chochote, huli wala hulali, njoo. Ikiwa unasikia sauti wasizozisikia wenzako, au umefikiria kujidhuru, njoo leo hii, usingoje barua ya mtu yeyote. Kwa yasiyo ya dharura, anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upewe barua ya rufaa, kisha ndiyo uje hospitali ya mkoa, Bombo. Hakikisha barua ina mhuri. Njoo na kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na dawa zote unazotumia, za miti shamba pia; hatutakugombeza, tunataka kujua zisije zikagongana. Kama mgonjwa hawezi kujieleza, aje na ndugu anayeishi naye nyumba moja.

Na wale mnaopita mlango wetu mara tatu mkiogopa jirani atawaona na kusema mmerukwa na akili: wengi tunaowahudumia wametoka kazini, na wakimaliza wanarudi kazini.